Kibao Ambacho Hudson Hiribae Hakukichapisha

Ni mwaka mmoja sasa, Baba Lavender, tangu mlango wa duka lako pale Garsen uanze kufunguliwa na mkono mwingine. Kufuli ni lile lile na bado linagoma asubuhi. Lavender hulipiga kofi mara mbili, hulitukana kidogo kama ulivyokuwa ukilitukana wewe, nalo hufunguka. Tumeanza na hilo kwa sababu tunakujua, ungetaka habari za kufuli kabla ya habari zetu.

Watu hutoa kumbukumbu fupi gazetini, picha na mistari minne. Sisi tumeomba nafasi ndefu. Wewe uliyechapisha mabango ya matanga ya nusu ya watu wa Tana Delta uliwaambia wafiwa kila mara waseme jambo moja la kweli kuhusu mtu wao, wasiseme tu kwamba alikuwa mtu wa watu. Basi leo tunalo jambo moja la kweli. Limekaa moyoni mwa bintiyo Lavender miezi kumi na minne, na haliwezi kuingia katika mistari minne. Tunakuambia wewe, na wanaopita nao wasikie. Tunataka wasikie.

Lakini kwanza tukukumbuke ulivyokuwa.

Ulianza na brashi tatu na makopo ya rangi yaliyobaki kwa mafundi wa nyumba. Ulichora hoteli, ukachora vinyozi, ukachora duka la dawa za mifugo na ng'ombe mwenye miguu mitano, na ulipoulizwa ukasema wa tano ni mkia. Vichwa vyote vya kinyozi ulivyochora kati ya hapa na Idsowe vilikuwa na pua moja, pua ya mdogo wako George. Hadi leo watoto humfuata njiani wakimwita Kinyozi, naye hajawahi kushika mkasi.

Mashine ilipokuja kutoka Mombasa ilipandishwa juu ya lori la saruji, imefungwa kwa mablanketi ya kitanda cha Lois mkeo. Lois alilala wiki nzima kwa kujifunika leso, na hajasahau. Ulikuwa ukiiamsha mashine ile kila asubuhi kabla ya chai, ukichapisha kipande chembamba cha rangi nne ili wino usikauke kichwani mwake. Ulikishika kipande kile mbele ya mwanga wa mlango, ukakikagua, ukasema haya, amka na wewe.

Mafuriko yalipoingia Idsowe, ulitoa mabango yote ya zamani yaliyojaa stoo, ukayatoboa matundu pembeni na kuyatia vipete, watu wakafunga kamba wakajistiri. Mama mmoja alilala wiki tatu chini ya uso wa mgombea aliyeshindwa, akasema ndiyo mara ya kwanza mtu yule kumfaa. Ulilirudia neno hilo kila ulipokutana na mtu ambaye hajalisikia, na mara nyingine ulipokutana na aliyekwisha kulisikia.

Na ulikuwa na sharti lako moja, ambalo kila mteja alilijua.

Kibao cha kukaribisha ulikichapisha siku hiyo hiyo. Kibao cha kukataza, hapana. Mtu akija akitaka kuandikiwa usipite, usilishe, usichote, ulimwuliza kwanza: huyo unayemkataza yuko wapi? Ukamtuma akamlete. Wakaketi wote wawili kwenye benchi la mbele ya duka, chai ikaja, wakazungumza, na mara nyingi wakaondoka bila kibao chochote. Lois alikuuliza ni biashara gani hii ya kuwafukuza wateja kwa chai. Ukamjibu kwamba kibao hakina masikio, kikishasimama hakisikii tena neno la mtu.

Hata shule moja ilipotaka kibao cha kuwazuia wapita njia kutumia choo chake, ulimwita Wario aje, kwa kuwa wachungaji wake ndio waliopita pale. Wario, mfugaji, Muorma wa malisho ya nyuma ya Garsen, rafiki yako wa miaka ishirini na ushei. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akasema ameshaitwa kwa kesi za visima, za ndoa na za ngamia, lakini hajapata kuitwa kwa ajili ya choo. Lakini alikuja, akaketi, akanywa chai.

Urafiki wenu ulianzia kwenye dumu. Darmi, mke wa Wario, alikuwa akiuza maziwa pale steji, na madumu ya wauzaji yalikuwa yakichanganyika kila siku, ugomvi juu ya ugomvi. Ukalichukua dumu la Darmi ukalichora yangeyange, yule ndege mweupe anayefuata ng'ombe, amesimama kwa mguu mmoja. Likawa halipotei tena. Ukampenda ndege yule mwenyewe, ukamfanya alama ya duka lako. Tangu siku hiyo hakuna kibao kilichotoka kwako bila yangeyange kwenye kona ya chini, na Wario, ambaye hakusoma, alikuwa akipita njiani akihesabu: hii ya Hudson, hii si ya Hudson.

Sasa tufike kule tunakoogopa kufika.

Ilikuwa Februari ya mwaka jana, kiangazi kimekaza. Ulikwenda Malindi siku tano kupimwa presha. Jumatatu ulipanda basi pale steji, ukawaaga hata wauza maziwa mmoja mmoja kama mtu anayehama nchi. Duka ulimwachia Lavender. Alikuwa na miaka ishirini na minne, ana miezi minane tu tangu arudi kutoka chuoni, na ulimwambia mbele ya watu kwamba mikono yake ni mizuri kuliko yako. Alilala na maneno hayo masikioni.

Jumanne George alifika kutoka Idsowe, ana hasira. Ng'ombe walikuwa wameingia kwenye mahindi yake mara mbili ndani ya wiki moja. Shamba lake limepakana na malka, na wasioijua Tana tuwaambie: malka ni njia ya ng'ombe kushukia mtoni kunywa maji, nayo hupita katikati ya mashamba. Haina mwenyewe. Mkulima anaijua na mfugaji anaijua, na wakati wa kiangazi hiyo ndiyo roho ya mfugaji. George alitaka kibao cha kuifunga.

Lavender alijua sharti lako. Alimwambia angoje, Baba anarudi Ijumaa. George akasema maneno ambayo leo ametuambia tuyaandike kama alivyoyasema:

"Mimi ni nani kwako, Lavender? Ni mteja, au ni baba yako?"

Hapo ndipo palipomshinda. Kwetu baba mdogo ni baba. Huwezi kumwambia akakae kwenye benchi angoje mtu wa kumsuluhisha, kama mtu baki aliyeshuka kwenye basi. Angekuwa mtu mwingine yeyote, Lavender angemrudisha na angeona fahari kumrudisha. Lakini tuseme yote, kwa kuwa mwenyewe ameomba tuseme yote: alitaka pia urudi ukute kazi imefanyika, na imefanyika vizuri.

Akakichapisha. Herufi nyekundu juu ya nyeupe, akazibandika kwenye bati, bati likatiwa fremu ya mbao. NJIA IMEFUNGWA. MIFUGO MARUFUKU. Kilipotoka, yangeyange alikuwa kwenye kona, kwa sababu kompyuta humweka yenyewe. Lavender alimwona. Mkono ulikwenda kumtoa, ukasita. Aliona kwamba bila ndege kibao kitakuwa kama si cha duka letu, na alikuwa amekipenda.

Jumatano kikasimama.

Alhamisi Wario alifika pale na ng'ombe ambao siku yao ya tatu hawajaonja maji. Kijana aliyekuwa naye akamsomea. Vijana walikuwa wengi, fimbo mikononi, wakataka kupita, na wangepita, maana mto ulikuwa pale pale wanausikia. Wario akawazuia. Alikuwa amemwona ndege. Aliwaambia mwenye ndege huyu hafungi njia ya maji bila sababu, huenda kuna ugonjwa, huenda shamba limepigwa sumu, tusiue mifugo kwa ubishi. Akawageuza ng'ombe wote kuelekea malka nyingine, mbali. Sita walilala njiani wasiinuke. Mmoja wao alikuwa yule mweusi mwenye pembe moja, ambaye maziwa yake ndiyo uliyokuwa ukinywea chai.

Tunakuomba utusamehe tukirudia: alirudi nyuma kwa sababu alikuamini. Lavender hilo hulirudia kila siku, na halijapungua uzito.

Ulirudi Ijumaa jioni, umechoka, ukalala. Hakuna aliyekuambia. Lavender alisema moyoni atakuambia asubuhi. Asubuhi kabla hujamaliza kufungua dirisha la duka, Wario alikuwa ameshaketi kwenye benchi, na dumu la Darmi miguuni, limejaa, kama alivyokuletea kila Jumamosi. Hakuwa amekuja kwa shari. Akakusalimu, akauliza habari za Malindi kwa ishara ya kichwa tu, halafu akauliza lililomleta.

"Hudson, ile kibao ya malka ni ya nani?"

Wewe hukujua ni kibao gani. Ukageuka ukamtazama Lavender. Alikuwa ameinama kwenye mashine, anajifanya anaweka sawa rola la turubai, na rola lilikuwa sawa. Ulimtazama kiasi cha kupumua mara mbili. Ukajua.

"Ni yangu, Wario," ukasema. "Nilikosea."

Wario alibaki ameketi. Lois alileta chai na chai ikapoa mbele yake, utando ukafunga juu, naye hakuigusa. Macho yake hayakuwa kwako. Alikuwa akitazama ndani ya duka, kule kwenye mashine, na Lavender aliyaona macho yale kwa pembeni na akazidi kuinama. Alidhani ni hasira. Wote tulidhani ni hasira.

Mwisho akainuka, akamimina maziwa kwenye sufuria yetu, kwa kuwa alikuwa ametuletea. Halafu akatoa kisu, akalipakata dumu tupu, akaanza kumkwangua yangeyange pole pole, toka mdomo hadi mguu, mpaka plastiki ikabaki na makovu.

"Ndege yako nimekurudishia," akasema. Akaondoka, na ile ndiyo mara ya mwisho mlipoonana.

Lavender alilia siku ile mpaka akatapika. Alikuambia anatoka mbio kumfuata aseme ni yeye. Ulimshika mkono. Ukamwambia akimtaja George, kufika jioni haitakuwa tena habari ya George na Wario, itakuwa habari ya sisi Wapokomo na Waorma, na tunajua habari hiyo inavyokwisha. Na akijitaja yeye mwenyewe, nani atampa tena kazi mkononi? Jina lako lina miaka thelathini, ukasema, litastahimili. Ee Baba Lavender, ulikuwa mjuzi wa mambo mengi, lakini hapo ulikosea, na tunakuambia kwa mapenzi.

Mchana ule ule mlikwenda wewe na George mkaking'oa kibao. George alinung'unika njia nzima mpaka mkafika palipolala mzoga wa ndama mmoja kando ya njia, hapo akanyamaza, na hajanung'unika tena hadi leo. Bati lile Lois alilifanya paa la banda la kuku, maandishi yakiangalia chini. Kuku ndio wanaoyasoma.

Lakini neno lilikwisha kutoka. Pale Garsen watu walisema Hudson ndiye aliyefunga malka, kumbe maneno yake yote ya benchi yalikuwa ya mdomoni. Wenye madrasa walikuwa wamekuagiza bango la mahafali, wakalipeleka kwingine. Mwenye duka la dawa za mifugo alikichomoa kibao chako cha ng'ombe wa miguu mitano, akaweka kipya. Ulikiona ulipopita, ukasema kipya kina mkia mzuri. Hukujitetea hata kwa neno moja.

Kila jioni Lavender alikuambia, Baba, niende nikaseme. Nawe ukamjibu, ngoja. Habari zilikuwa zimefika kwamba Wario amepanda na mifugo juu kabisa, kule upande wa Madogo. Ulisema mtu hamwendei mfugaji wakati ng'ombe wake wanakufa. Ngoja mvua inyeshe, majani yaote, maziwa yarudi. Mfugaji akishakuwa na maziwa moyo wake hupoa. Tutakwenda wawili, na utasema mwenyewe kwa kinywa chako, mimi nitakaa kando yako. Kwa hiyo hukutaka kulizika. Ulitaka lisemwe kwa wakati wake. Lavender anaomba hili lijulikane.

Mvua ilinyesha wiki ya pili ya Aprili. Dereva mmoja wa lori akaleta habari kwamba Wario ameshuka malishoni, mifugo inapumua. Mkapanga Jumamosi. Lois alinunua sukari, majani ya chai na buni za kahawa za kukaanga kwa samli, kama ilivyo heshima ya kwenda kwa Waorma.

Alhamisi asubuhi uliiamsha mashine. Ulikishika kile kipande cha rangi nne mlangoni, ukamwambia Lavender nyekundu imefifia, iangalie. Ukatoka ukaketi kwenye benchi. Lavender aliangalia nyekundu, akaona ni kweli, akatoka kukuambia ni kweli. Nawe ulikuwa umeshaondoka, mgongo umeegemea ukuta, kipande kimelala pajani.

Ilibaki siku mbili tu.

Bango la matanga yako alilichapisha Lavender kwa mkono wake, kwa nyekundu mpya. Uso wako ulitoka vizuri. Kwenye kona hakumweka ndege, hakuweza. Siku ya mazishi watu walijaa, lakini wale wa upande wa pili, ambao wangejaza uwanja mwaka mmoja kabla yake, walikuja wachache, wakasimama mbali, wakaondoka mapema. Wario hakuja. Lavender alipopewa nafasi ya kusema alisimama mbele ya watu wote wale, jambo moja la kweli likiwa kinywani mwake, akasema ulikuwa mtu wa watu. Akaketi.

Baada ya hapo akangoja. Kwanza alingoja arobaini ipite. Halafu akangoja mvua ikatike, barabara ikauke. Halafu akawa anangoja tu, kama mtu anavyongoja jino liache kuuma lenyewe. Sukari ile ya Lois iliganda kwenye mfuko ikawa jiwe. Duka limefanya kazi mwaka mzima, Baba Lavender, na kazi si mbaya, lakini hakuna kibao kimoja kilichotoka na yangeyange. Wateja wakiuliza, Lavender husema kompyuta imeharibika.

Kiangazi cha mwaka huu Darmi alirudi steji na maziwa yake. Dumu ni lile lile, limekwanguliwa. Lavender alinunua maziwa kwake kila asubuhi kwa wiki tano, akisalimia, akiuliza watoto, akirudi dukani na kile kile alichokwenda nacho moyoni. Wiki ya sita alisema anataka kumwona Mzee Wario. Darmi aliendelea kumpimia maziwa.

"Njoo," akasema. "Ni siku nyingi anakungoja."

Tukaenda Jumamosi, Lavender, Lois na George, kwa pikipiki mbili na sukari mpya. Wario alikuwa nje ya nyumba yake, amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe. Tukapewa mkeka. George, kama mkubwa, akakohoa akaanza. Wario akainua kiganja, si kwa ubaya, akasema msichana aseme.

Lavender akasema. Alisema Jumanne, alisema baba mdogo, alisema herufi nyekundu na ndege aliyemwacha kwenye kona. Alisema ulikuwa Malindi na hukujua. Hakulia mpaka alipofika kwenye yule ng'ombe mweusi. George alikuwa ameinamisha kichwa, akaongeza moja tu, kwamba aliyeagiza ni yeye.

Wario akazungumza, na haya tunayaandika jinsi alivyoyasema, kwa kuwa ndiyo yaliyotufanya tuombe nafasi hii ndefu.

"Mimi nilijua. Ile Jumatatu Darmi aliona Hudson anapanda basi ya Malindi, alimuaga. Na mtu ambaye aliniita benchini kwa sababu ya choo, atafunga maji bila kuniita? Nilijua si yeye. Nilikuja kuuliza ni nani, ili tukae tumalize. Ng'ombe ni mali, mali inakufa. Lakini yeye aliniangalia machoni akaniambia uongo. Miaka ishirini hajawahi. Nikaangalia wewe kule ndani. Nikasema ngoja, huyu mtoto atasema. Chai ikapoa. Hukusema."

Akachora mchangani kwa fimbo.

"Na mimi pia nilifanya makosa," akasema. "Nilisema Hudson akija kuniambia ukweli, nitacheka, nitamwambia nilijua. Nilingoja aje. Mpaka watu wakaleta habari ya kifo."

Basi ndivyo ilivyokuwa, Baba Lavender. Wewe uliingoja mvua, yeye akakungoja wewe, na Lavender alikuwa kati yenu na neno moja ambalo lingewapatanisha nyote wawili kwa kicheko. Lilitosha kusemwa siku ile, pale kwenye mashine, kabla chai haijapoa. Lavender anajua hilo, na hatumfichi. Sisi nasi tulijua neno lile tangu siku ile, tukanyamaza naye. Haya ndiyo majuto yetu, na tutakaa nayo.

Darmi alitoka ndani na bakuli la buni zimekaangwa, samli ingali inachemka pembeni. Wario alichukua kwanza, akampa Lavender, halafu George. Tukatafuna. Lois ndiye aliyelia zaidi, na alilia kwa sababu ulikuwa ukizipenda buni zile na meno yako mabovu.

Kabla hatujaondoka Wario aliomba dumu la Darmi. Alitaka ndege arudi, lakini si kwa stika ya mashine, kwa brashi. Lavender alimwambia hajui kuchora kwa brashi, wewe ndiye uliyejua. Wario akasema atajifunza kwenye dumu lake. Jumatatu iliyofuata Lavender akachukua moja ya zile brashi zako tatu, akailainisha nywele zake kwa mafuta ya taa, akamchora. Ametoka mnene, mguu mmoja umepinda. Wario alimtazama sana akasema huyu amekula vizuri kuliko yule wa Hudson. Darmi anauza naye steji kila asubuhi, unaweza kuwauliza watu wa Garsen.

Wario ameomba jambo jingine. Amesema sisi tuliouficha ukweli kimya kimya tusiutoe kimya kimya. Uongo ulisemwa mbele ya duka, basi ukweli usemwe mbele ya watu. George alipoulizwa kama atajwe jina, alisema mnitaje, na pua yangu mnitajie.

Kwa hiyo tunasema. Wewe Hudson Hiribae hukuifunga malka. Kibao kile hukukichapisha wewe. Alikiagiza George, mdogo wako, akakichapisha Lavender, bintiyo, na wewe ukakibeba mpaka kaburini kwa ajili yao. Aliyekunyima salamu kwa sababu ya kibao kile na akuombee dua leo.

Tunaokukumbuka ni Lois mkeo, ambaye bado anapika chai ya watu wanne, Lavender, bintiyo, George, mdogo wako, Darmi wa maziwa, na Wario, rafiki yako, ambaye hakusoma, na ambaye Jumamosi hii atakaa kwenye benchi lako, Lavender amsomee maneno haya yote kwa sauti.

Daima tutakukumbuka, Baba Lavender, na chai haitapoa tena kabla hatujasema.